Gunia la Saa Kumi na Moja

Saa kumi na moja, lami ingali yafuka,
Marlys hukivika kibao gunia:
mshale wa kushoto, umekatwa kwa wekundu.

“Tukishaondoka,” humwambia kijana mgeni wa kazi,
“hakina cha kukataza.
Watu wakizoea kibao kisemacho uongo
hawatakiamini siku ya kweli,
na siku hiyo wewe ndiye utakuwa shimoni.”

Juzi mvua ya Dubuque iliwakimbiza.
Gunia likabaki garini.

Usiku akaja mzee Ostrander,
supu ya mkewe aliyelazwa imepakatwa na kiti cha abiria,
imefungwa mkanda.
Kushoto, hospitali. Madirisha yake unaweza kuyahesabu.
Njia tupu, hakuna koleo, hakuna mtu.
Akawasha indiketa.
Akaizima.
Akazunguka kwa daraja la reli, maili nne,
vipangusio vikilia kioo kizima.

Asubuhi alisimama kando ya koni, akateremsha dirisha.
“Supu ilifika baridi,” alisema.
“Lakini ilifika.”

Marlys hakupata neno.
Jioni alilifunga gunia mafundo mawili,
akaenda hadi garini,
akarudi, akaongeza la tatu.