Lifutwe

Kazi yangu ni vidole.
Naketi chini ya jaji, ubavuni mwa shahidi,
na kila litamkwalo katika mahakama hii ya Duluth
hupita mikononi mwangu kabla halijapoa.
Sitakiwi kuelewa. Natakiwa kuwahi.

Leo kizimbani yuko mtaalamu wa ubongo na tabia,
Daktari Thibodeau; theluji inamyeyukia viatuni.
Ameapa. Ameomba maji. Anaeleza
jinsi alivyomsomea Arvid Kivela maneno kumi na matano,
neno moja kwa sekunde, akarudia, akarudia,
mara tano nzima:
ndoo, barua, farasi, sabuni, uzi,
na mengine niliyoyapiga bila kuyatazama.
Mtu wa umri wake, wa shule kama yake,
hurudisha kumi na mawili.
Arvid alirudisha manne,
na la tano halikuwamo orodhani: winchi.

Winchi. Naliandika kama mengine, herufi kwa herufi.
Ndiyo iliyomshukia kisogoni
kwenye gati la madini, Oktoba ya mwaka juzi,
saa ya kubadilishana zamu.

Bwana Halvorsen, wakili wa kampuni, anafunga kifungo cha koti.
— Unalipwa kiasi gani kwa saa, Daktari?
— Dola mia nne na hamsini.
— Na picha za kichwa chake ni safi?
— Ni safi.
— Basi nani atajua kama hajifanyi?
Anakunywa maji kwanza. Anasema
upo mtihani mwepesi kiasi kwamba hata aliyeumia vibaya huupita;
anayejifanya ndiye huanguka,
kwa kuwa anadhani kuumia ni kukosa kila kitu.
Arvid aliupita.

— Lakini honi za meli anazijua zote. Mkewe mwenyewe alikiri jana.
— Anazijua.
— Kumbukumbu gani hiyo mbovu, inayochagua?
— Ya zamani yalishapata viti, asema.
Mapya ndiyo yanayosimama mlangoni, kisha yanaondoka.

Safu ya pili, Lorna anakunja na kukunjua glavu za mumewe.
Jana alisimulia maziwa ndani ya oveni,
karatasi alizobandika kwenye kila droo,
na mlio wa vijiko, unavyompandisha hasira
mtu ambaye miaka ishirini hakumfokea hata paka.
Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Hawakusema mtu hufanyaje
akiamka na za mwingine.

Ndipo ziwani, nyuma ya madirisha ya vioo viwili, honi:
ndefu moja, fupi mbili.
Arvid anainua kichwa. — Elsa Nordgren, asema,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.
Jopo zima linamgeukia.
Halvorsen anatabasamu. Wakili wa pili anapinga.
Jaji: — Lifutwe hilo. Hakuulizwa.

Watu hudhani kwamba hapo nafuta.
Sifuti. Naliacha jina la meli palepale
na chini yake naandika: lifutwe.
Mashine yangu haijui kupoteza.

Dakika haikutimia, nikamsikia
akimwuliza mkewe, kwa adabu, kama anayeuliza njia,
hapa wanangoja nini.
Alinong'ona. Minong'ono haiingii kumbukumbuni.
Vidole vyangu vilibaki hewani.

Usiku, nikielekea nyumbani, kwenye taa nyekundu
nilijaribu yale kumi na matano.
Ndoo. Barua. Sabuni. Farasi.
Nikafika tisa, nikakwama; taa ikageuka kijani,
gari la nyuma likanipigia honi,
na la kumi likaja lenyewe,
bila kuitwa:
winchi.