Njia ya Tatu

Kabla ya boksi hili jeusi, dogo kuliko kopo la maziwa ya unga,
risiti ya alizeti iliyopimwa Kibaigwa
ilishuka kwanza Dar es Salaam, ikazunguka kwenye seva ya watu,
ndipo ianze kupanda tena, Morogoro, Gairo,
ipite Kibaigwa kwake bila kubisha hodi,
ije kulala Dodoma, mezani kwa Bi. Mendo mhasibu.
Kwa barabara ni kilomita tisini.
Risiti ilikwenda mia nane na ushei,
na mkulima amesimama mizanini, kofia mkononi,
anasubiri karatasi yake imalize kutalii.

Machi, kijiko cha wajenzi wa barabara
kikaung'ata mkongo karibu na Gairo.
Siku mbili. Magunia mia nne uani, wingu limenuna.
Chidawali, mwenye kinu, akanipigia saa kumi na moja alfajiri:
"Sechelela, mnaniuzia waya au mnaniuzia udhuru?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa nauza waya.

Sasa tumekuwa wengi.
Jengo moja la ghorofa nne, Area C, lina kampuni tatu,
zote zinauza kitu kilekile kwa rangi tofauti:
mtandao unaoongozwa na programu,
mtandao unaojichagulia njia.
Vijana wa suti wanashuka kwenye treni ya umeme na vipeperushi,
vumbi la Dodoma linawasalimia viatu,
wanataja asilimia, soko linakua, soko linakua.
Benki zimeingia. Wauza mbegu wameingia.
Hata yule wa zabibu kule Hombolo,
aliyeapa kompyuta haitavuka kizingiti chake,
juzi kanivuta kando, sauti chini kama anayeulizia dawa:
"Na mimi mwenye matawi mawili tu, linanifaa?"

Huwa naeleza hivi:
laini moja ni bosi; laini mbili ni vibarua.
Boksi linazionja zote, faiba na ya simu, kila sekunde,
malipo yanapita penye wepesi,
kamera za ghala zingoje,
video za harusi za karani zingoje zaidi.
Mimi niko Dodoma na chai yangu,
nabadili sheria ya Manyoni kwa kidole.
Hapo vichwa vinaitikia.
Nikitaja ada ya mwezi, vichwa hivyohivyo vinakataa.
Wiki ya pili wananipigia wenyewe.

Manyoni ndiko nilikomkuta Ndahani.
Miaka sita alibeba flashi
kwenye mfuko alioushona mwenyewe ndani ya shati,
basi la saa kumi na mbili, hesabu zote za ghala kifuani,
saa tatu Dodoma, anamkabidhi Bi. Mendo,
anakula chapati mbili, anarudi.
Mwaka wa mafuriko ya Kintinku
alifuata reli kwa miguu, maji huku na huku,
flashi kaibana kwa meno.

Alinishikia ngazi nilipofunga antena.
Taa ya kijani ikawaka, hesabu zikafika
kabla hajamaliza kuuliza kama zimeondoka.
Akacheka sana.
Kisha mkono ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati,
kama ulimi unaotafuta jino lililong'olewa.
"Atapewa kazi ya getini," alisema Chidawali kwenye simu.
Ndahani alikuwa bado ameshika ngazi.

Usiku, gesti, boksi likataka majina.
Njia ya kwanza? Nikaandika FAIBA.
Ya pili? SIMU.
Ya tatu ilikuwa tupu, na mwongozo unasema iachwe tupu.
Nikaandika NDAHANI.

Leo msimamizi wangu kaiona kwenye ripoti.
Anauliza hiyo ni laini ya kampuni gani, na kasi yake ngapi.
Nimemjibu: themanini kwa saa, pungufu kwenye matuta.
Haijawahi kukatika.

Bado anaandika, anafuta, anaandika.