Sikio la Kushoto

Kofia niliinunua Makoroboi, mkono wa pili.
Ndani ina jina la mtu, kwa kalamu ya wino: LUSHINGE.
Sijui yuko wapi huyo Lushinge.
Kichwa chake kilikuwa kikubwa kuliko changu,
nikaziba nafasi kwa sponji la godoro,
na ndani ya sponji nikaona pamebaki kijishimo.
Hapo ndipo wazo lilipoingia.

Wenzangu wa kijiwe cha Mabatini wanavyo vile vya dukani,
vya kubandika, vinavyosema Kizungu vikiwaka.
Laki na ishirini.
Laki na ishirini kwangu ni tairi mbili, mnyororo,
na ada ya Nyanzobe hadi Juni.
Nikaenda kwa Magembe, fundi redio wa Mlango Mmoja.
Akachokonoa droo yake ya marehemu
akatoa spika mbili za simu, bapa kama vifungo vya koti.
"Elfu mbili mia tano. Gundi ya viatu utajitegemea."
Ya kulia ilikata roho kabla sijafika Igoma.
Ya kushoto ipo hadi leo.

Haina besi. Inaimba kama nzi
aliyefungiwa kwenye kopo la maziwa ya unga.
Mpiga gitaa namsikia, mpiga ngoma namkumbuka tu.
Nikifika spidi sitini, upepo wa ziwa
unapenya chini ya kidevu
unamnyang'anya mwimbaji maneno, moja moja,
kuanzia mwisho wa sentensi.
Nikishuka arobaini, anarudishiwa.
Mama anadhani nimeacha mbio kwa sababu ya maombi yake.
Mwache adhani.

Sikio la kulia nimeupangishia mji:
honi za malori ya Shinyanga pale Buzuruga,
filimbi ya trafiki,
kina mama wa Mwaloni wakigombea debe la dagaa,
abiria: "Hapo kwenye nguzo, hapo, hapo... umepita!"
La kushoto ni langu.
Nyimbo mia mbili kumi na mbili, za buku,
alizonijazia kijana wa stendi bila kuniuliza napenda zipi.
Mojawapo si wimbo, ni mahubiri ya nusu saa,
na kila mara yananikuta napanda mlima wa Bugando.

Mlima huohuo, Alhamisi moja, saa nne usiku,
nilimbeba mama mmoja kutoka Igogo,
hotipoti amelifunga kwa kanga.
Nikampa kofia ya abiria. Akaivaa. Hakuuliza bei.
Kwenye kona ya mawe nikakanyaga breki,
kofia yake ikagonga yangu: ko.
Haikuondoka.
Nikasema kalala huyu, na hotipoti litamwagika.
Nikazima muziki nisikilize pumzi zake.

"Washa," akasema.
"Nini, mama?"
"Hicho kilichokuwa kinaimba.
Kinapita kwenye kofia. Zikigusana, kinapita."

Nikawasha.
Nikapanda gia ya pili, kama niliyebeba mayai,
shingo nimeikaza kofia zisiachane.
Wadudu wa ziwa walikuwa wengi chini ya taa,
wakigonga kioo changu kama mchele unaomwagwa kwenye ungo.
Juu ya mawe, nyumba chache hazijalala.
Wimbo ukaisha, ukaja mwingine,
na tulipofika getini ulikuwa haujafika kiitikio,
basi nikapitiliza, nikazunguka ng'ambo ya ukuta
mara moja zaidi, bila kumwambia.
Naye hakuuliza tunakwenda wapi.

Aliposhuka alikaa na kofia kichwani kidogo.
"Leo siku ya kumi na tisa," akasema,
si kwangu hasa.
Akanipa elfu tatu, akasahau chenji,
au hakusahau.

Jana Magembe kanipigia: kapata spika nyingine, nzima, buku tu.
"Sasa utasikia pande zote mbili kama binadamu."
Nimeichukua. Nimeibandika
kwenye kofia ya abiria, ndani, upande wa kulia.
Ila waya haufiki.
Unapungua kama shubiri moja.