Nukta

Saa tisa usiku, Darkhan. Nje nyuzi thelathini chini ya sifuri,
bomba la mvuke linakohoa ukutani,
na mtoto hana jina bado.
Kwenye kibandiko cha mguu wameandika la mama, Enkhjin,
aliyeletwa na lori la makaa kutoka Sharyn Gol.
Uzito: kilo moja nukta nane.

Nimempima mara mbili. Kwanza na nepi,
kisha nikaitoa nepi, nikaipima peke yake,
nikaitoa tena, kwenye hesabu.
Kwa mtu mzima nepi si kitu.
Kwa huyu ni kama paja.

Miligramu tano kwa kila kilo.
Tano mara moja nukta nane: tisa.
Kichupa kina themanini ndani ya mililita mbili,
yaani arubaini kwa moja.
Tisa gawanya kwa arubaini.
Naandika kwa kalamu, siyo kwa kichwa;
kichwa changu kimekesha tangu jana
na sasa kinanikubalia kila kitu.
Sifuri nukta mbili mbili tano.

Sifuri ya mbele usiiache, alinifunza Tsermaa
mwaka nilioingia hapa na viatu vipya na majivuno.
Nukta isiyo na sifuri ni kinyesi cha inzi:
mtu huidhania uchafu, akaipangusa.
Hakuendelea. Wodi nzima ilijua,
hakuna aliyesimulia:
vuli moja, karatasi iliyokunjwa,
na mkunjo ukapita juu ya nukta.

Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo.
Hapa kibaba hakitakiwi kujaa.

Namwita Batsukh kutoka wodi ya wazee.
"Usinitajie jibu," ananiambia, anageuza kiti,
ananipa mgongo, anahesabu kwa midomo.
Naombea tulingane.
Naogopa tukilingana kwa uchovu.
"Sifuri nukta mbili mbili," anasema.
Ananyamaza.
"Na tano."

Ile tano haina mstari wake kwenye bomba la sindano,
iko baina ya mistari miwili.
Tunainamia taa, vichwa vinagusana,
kama watu wawili wanaotunga uzi mmoja.
Kiputo kimoja. Nakigonga kwa ukucha. Kinapanda, kinatoka.

Enkhjin ameamka, anatazama mkono wangu.
"Hiyo tu?"
"Hiyo tu," namjibu,
na hapo ndipo mkono unapoanza kutetemeka.