Salio Halitoshi

Aliileta imefungwa ndani ya mfuko wa maziwa,
simu ya vibonye, ya mamake,
iliyotumbukia kwenye sufuria ya uji wa biashara.
"Itapona?" akauliza Chengo,
kana kwamba mimi ni daktari wa Makadara
wala si fundi wa kibanda hapa Kongowea,
baina ya muuza mitumba na muuza nazi,
na waya wa umeme ninaogawana na kinyozi.

Nikaifungua. Uji umeganda mpaka kwenye mfupa,
tano na nane hazibonyezeki.
Nikaisugua kwa spiriti na mswaki mkuukuu,
nikaianika chini ya balbu,
hata jioni ikakohoa, ikawaka,
ikataja mtandao wake polepole
kama mgonjwa aliyeulizwa jina.

Mimi si mpekuzi. Simu ya mtu ni chumba cha mtu.
Lakini fundi lazima ajaribu: apige, atume,
na kisanduku cha ujumbe kilikuwa kimefura.
Arobaini na mbili, zote hazijatumwa.
Salio halitoshi. Salio halitoshi. Salio
zote kwa nambari moja, ile ya masomo,
inayoleta hesabu bure
na kutoza shilingi kwa kila jibu.

"B."
"D."
"A, nafikiri A."
"C. Samahani nimechelewa, mama alikuwa anapokea oda ya mahamri."
"B tena. Stima ilipotea, nimefanya kwa kichwa."
Juni. Julai. Agosti nzima
mtoto anajibia kisimani.

Ya mwisho haikuwa herufi:
"Mwalimu, wewe ni mtu?"

Nikanunua salio la hamsini.
Nikazituma moja moja, kwa tarehe zake,
na majibu yakarudi mbio, yakikanyagana,
Hongera! Sahihi. Jaribu tena. Hongera!
simu ikitetemeka mezani kama mbuzi aliyenyeshewa,
hata kinyozi akachungulia na wembe mkononi:
"Kwani una harusi?"

Arobaini na moja. Hapo nikasita.
Nilijua litakalorudi:
Jibu halikutambuliwa. Andika A, B, C au D.
Ile moja nikaiacha ilipo.

Asubuhi akaja na sarafu ndani ya soksi.
Hakuzihesabu. Aliichukua simu kwanza,
akashuka nazo kwa kidole gumba, midomo ikicheza.
Ishirini na tisa sahihi; hilo hakulijali.
"Moja haikwenda."
"Mtandao," nikasema,
na uongo ule ukakaa baina yetu, mbichi,
kama samaki asiyeulizwa bei.

Hakubisha.
Akapindua kreti ya soda, akaketi,
magoti yake yamepauka vumbi la Mishomoroni.
"Basi wewe. Robo tatu ya ishirini na nne?"

Nikaweka chini chuma cha kulehemu.
Miaka thelathini sijaulizwa kitu ambacho
muulizaji hataki kupunguziwa bei.
Nikatazama mabati. Nikatazama mafungu ya nazi ya jirani,
nikayapanga kichwani, nikayapangua.
"Kumi na nane."

Hakusema hongera.
Akachana kipande cha boksi la chaja,
akanisogezea na kalamu iliyotafunwa.
"Nionyeshe njia," akasema.