Ndiyo, Nimemwagilia

Kisubi wa kwanza alikuja Januari,
mwezi ambao huku Akureyri hata jina la nzi husahaulika.
Nje theluji ilikuwa imemeza kitasa cha mlango wa ghala.
Nikadhani ni macho yangu; kwa miaka sabini na moja
macho nayo huanza kutunga hadithi.
Nikampiga kofi, nikapiga hewa.
Akatua ukingoni mwa kikombe, akatembea upesi upesi
kama karani aliyechelewa kazini.

Kufikia Jumapili walikuwa kumi, kisha sikuhesabu tena.
Kila nilipogusa jani la jeranio waliinuka,
vumbi lenye miguu.
Nikalaumu ndizi. Nikatupa ndizi.
Nikalaumu pipa la taka, nikalisugua kwa maji ya moto
hadi viganja vikanywea.

Eydís wa ghorofa ya juu, anayesomea wadudu,
alishuka na lenzi, na soksi mbili zisizofanana.
"Kabla ya kuua," akasema, "tujue tunamuua nani."
Akamimina siki kwenye glasi, na tone la sabuni.
Siku mbili, glasi haina kitu. Basi si nzi wa matunda;
walevi wale wangekuwa wamezama zamani.
Akakata kiazi vipande, akavilaza juu ya udongo
kama plasta juu ya kidonda.
Siku ya tatu akafunua kimoja:
mabuu, weupe wa maji ya mchele,
vichwa vyeusi kama ncha ya kalamu.
Na bawani mwa mkubwa mmoja, chini ya lenzi,
mshipa uliogawanyika kama panda ya manati.

"Visubi wa udongo," akasema. "Wanakula kuvu,
na kuvu ikipungua wanahamia mizizini.
Lakini nani anamwagilia hivi?
Hiki si chungu, ni kinamasi."

Sikumjibu.

Ketill hupiga simu saa kumi na mbili jioni
kutoka makao ya wazee.
"Umemwagilia?" Ndiyo.
Baada ya dakika tano: "Steinvör, umemwagilia?"
Nimeendesha basi la shule miaka thelathini,
sijawahi kumdanganya mtu hata saa ya kufika.
Kwa hiyo kila aulizapo nilichukua birika,
nikamwaga kidogo, nikasema ndiyo ya kweli.
Jioni nyingine, ndiyo saba.

Sasa birika liko juu ya kabati, nisikolifikia bila stuli.
Kadi za manjano zenye gundi zimesimama vyunguni;
wakubwa wananasa humo, wadogo nimewaachia ukavu.
Mchanga, unene wa kidole, juu ya kila udongo.
Jeranio likilegea hunywa kwa chini, kisahanini,
kisha namwaga yaliyobaki.
Eydís alinionya: mayai hayana haraka.
Wiki nne, usilegeze kamba.
Wiki ya pili nikalegeza. Wakarudi. Nikaanza upya.

Simu inalia. Natia kidole udongoni hadi fundo la pili.
Pakavu.
"Umemwagilia?"
"Ndiyo."
Uongo wa kwanza ulinikwama kooni kama mwiba.
Wa hamsini huteleza wenyewe.

Jana alinyamaza kidogo, kisha kwa sauti yake ya zamani,
ya mtu aliyekuwa akinusa udongo kabla ya kuununua:
"Usizidishe, Steinvör. Mizizi nayo hupumua."
Nikaishika simu kwa mikono miwili.
Nilitaka kumwambia yote, kiazi, siki, ile panda ya bawani,
na mambo niliyomficha.
Lakini alikuwa amekata.

Kisubi mmoja akapita mbele ya taa, bila haraka.
Nikamwacha.
Dakika tano. Ikalia tena.