Tarehe Mosi Januari

Kompyuta yetu ikiwaka
hushikilia kwamba leo ni tarehe mosi Januari,
mwaka elfu mbili na tatu.
Kajetan anasema ni betri tu, ndogo kama kifungo cha koti,
imefia humo ndani, saa imekosa pa kukumbukia.
Basi kila asubuhi naisahihisha kwa mkono,
siku, mwezi, mwaka,
kama unavyomtajia mgonjwa jina lake.

Kabla ya hapo naweka birika jikoni.
Birika hushinda kila siku.
Nakunywa chai, namwagilia maua ya dirishani,
nikirudi bado inafikiri,
feni ikikoroma kama Alojz baada ya zamu ya usiku.

Jumamosi tukaenda dukani, pale Bytom, mkabala na kituo cha tramu.
Kijana wa duka, Ksawery kwa mujibu wa beji,
akauliza: "Ya kazi gani, bibi?"

Ya kulipia umeme, nikasema.
Ya kumwona dada yangu Hildegarda, yuko Dortmund,
ambaye sasa huganda katikati ya neno, mdomo wazi,
nami nangoja kama daktari wa meno.
Ya kucheza karata peke yangu.
La nne sikulitaja.

Akaanza kunipimia gigabaiti kama unga.
Akanipa moja nyembamba kama sinia;
nilipoiinua nikadhani wamesahau kutia vitu ndani.
Kajetan, mjukuu wangu, akanivuta kwenye jingine,
lina taa nyekundu na buluu na zambarau,
bei yake pensheni yangu mara mbili na chenji.
"Hili litakufaa wewe," akaniambia,
macho yake hayajatoka kwenye taa.

Kipya kinyemi, ndivyo wasemavyo;
mwisho wa methali wanaumeza.

Ikabidi nilitaje la nne.
Mume wangu alifuga njiwa wa mashindano.
Kila njiwa na namba ya pete yake, kila safari na upepo wake,
yote yamo katika programu aliyotungiwa na Rufin,
fundi umeme wa mgodini, naye marehemu.
Mstari wa mwisho naujua kwa moyo:
*Kutoka Ostendi. Saa nane na dakika kumi na moja.
Upepo wa magharibi. 0417 kachelewa, bawa lina damu,
kala vizuri.*

Ksawery akakuna shingo.
"Programu hiyo, bibi, haitafunguka kwenye hizi.
Hata moja."
Hakunidanganya ili auze. Ndiyo maana nikanunua kwake:
ya kijivu, ya bei ya kati,
herufi za kibodi kubwa kama za kitabu cha darasa la kwanza,
na ukizibonyeza zinalia.

Jioni Kajetan akaifungua ya zamani atoe diski.
Masizi ya makaa, laini kama poda,
na kwenye feni, limejizungusha,
unyoya mmoja wa kijivu.
Akataka kuupuliza.
Nikamshika mkono.

Maneno ya Alojz akayanusuru, mistari elfu sita na kitu,
ila safu zimevurugika,
pepo zimehamia kwenye majina, damu imekaa penye saa.
Nazipanga upya polepole. Nimefika mwaka wa tisini na nane.

Ya kijivu huwaka kabla sijafungua bomba la maji.
Tarehe inaijua yenyewe, haiulizi mtu.
Siku ya kwanza nilibaki na kidole hewani,
sina cha kusahihisha.

Ile kuukuu iko chini ya meza, naegeshea miguu.
Kajetan kaniletea betri yake mpya, zloti nne,
eti ipate kujua leo ni lini.
Nimeitia kwenye kopo la vifungo.
Nikiitafuta nitaiona.